Mrejesho: kalibu za kujazia risasi za raifali

Wakuu, niliwauliza ninunue kalibu ipi ("die", kile chombo cha kubania ganda lililokwisha kupigwa na kupandikizia kichwa kipya), maana risasi zangu za .308 zilikuwa zinayumba kwenye geji, yaani ile saa ya mshale inayoonyesha kama risasi imenyooka. Asanteni kwa majibu.

Nilianza na ule ushauri wa kupima kila hatua kabla ya kutoa hela. Ganda lililotoka chemba baada ya kupigwa, mshale umetulia tuli. Likishabanwa shingo (ule mdomo unaoshika kichwa), mshale unaanza kucheza. Mchawi ni ile gololi ya kupanulia shingo iliyomo ndani ya kalibu: ikivutwa ndani ya shingo kavu, inaipindisha. Nimeing'oa. Sasa natumia kalibu ya bushi (pete ya kubadilisha inayobana shingo), tundu la bushi yenyewe dogo kwa inchi 0.002 kuliko shingo ya risasi iliyokwisha kujazwa, kisha napitisha mandreli (kijiti laini cha chuma cha kusawazisha shingo kwa ndani) na mafuta kidogo. Risasi nyingi sasa haziyumbi zaidi ya inchi 0.002.

Ile kalibu ya kupandikizia kichwa, yenye bomba linaloteleza, mliisifia mno. Inasaidia, ila kidogo. Shingo ikishapinda, haiwezi kuinyoosha. Maganda yenye shingo nene upande mmoja nimeyatenga, hayo hayaponi kwa kalibu yoyote. Kuhusu shabaha, bado sijazipiga, nasubiri siku isiyo na upepo.