Tupeane uzoefu: moduli ulizoongeza kwenye Linux ya flashi, zilizokubali na zilizokutesa

Mchapaji wa Mwanga

Wakuu, habari za jioni. Niko Kigoma mjini, hapa Mwanga, nina kibanda cha kuchapa na kutoa kopi. Kompyuta zangu ni tatu, zote kuukuu, na mbili kati yake hadi diski zilishakufa. Sikuwa na pesa ya kununua nyingine, nikaziwasha kwa flashi zenye Slax, Linux nyepesi inayowaka moja kwa moja kutoka kwenye flashi. Huu ni mwaka wa tatu zinabeba kazi za kila siku: barua za maombi ya kazi, katiba za vikundi, risala za harusi, mitihani ya shule za jirani.

Slax ni nyepesi kwa sababu haikubebeshwa vitu vingi. Ukiiwasha unakuta kivinjari, kihariri cha maandishi matupu, kikokotoo na vitu vichache vya hapa na pale. Kazi ya ofisi lazima uiongeze mwenyewe kwa moduli. Hapo ndipo ninapotaka tuongee, kwa sababu nimekutana na watu wengi waliojaribu hizi Linux za flashi wakaziacha siku ya pili kwa kuwa "hazina kitu".

Kwa wageni niseme kidogo. Moduli ni faili moja lililokandamizwa, la kusomwa tu. Mfumo unapowaka unazitandika moduli moja juu ya nyingine kama mikeka, na faili lililo kwenye mkeka wa juu ndilo linaloonekana. Kwa Slax jina linaishia na .sb, na kwa Linux nyingine ndogo za flashi, Porteus ni .xzm, Puppy ni .sfs, Tiny Core ni .tcz. Majina tofauti, ila zote ndani ni squashfs, yaani mfumo wa mafaili yaliyokandamizwa. Uzuri wake kwetu tunaonunua bando kwa kuhesabu MB ni kwamba unapakua programu mara moja tu, unaifunga kuwa moduli, halafu unainakili kwenye flashi kumi bila kugusa intaneti tena.

Yaliyonipata ni haya. Moduli yangu ya kwanza ya LibreOffice (programu za ofisi) niliitengeneza kwenye mashine niliyokuwa nimeitumia wiki nzima, nikapiga amri ya savechanges, inayofunga mabadiliko kuwa moduli, nikafurahi. Nikamgawia jirani yangu wa steshenari. Kesho yake akaniita: "Kaka, mbona nikifungua kivinjari nakuta barua pepe yako?" Nilishtuka sana. Savechanges haichagui. Inafunga karibu kila kilichobadilika tangu mfumo uwashwe, na kama umewasha ule utaratibu wa kutunza mabadiliko, inafunga na ya wiki iliyopita. Ndani ya ile moduli kulikuwa na akaunti yangu na nyaraka mbili za wateja. Niliifuta palepale na kubadilisha nywila zote.

Sasa ninafanya hivi: nawasha Slax upya kwa kuchagua kuwaka bila kutunza mabadiliko, sifungui kivinjari, naunganisha simu nipate intaneti, napiga apt update (apt ndiyo kisakinishi cha vifurushi), kisha apt install libreoffice-writer libreoffice-calc, kisha apt clean, kisha savechanges ofisi.sb. Faili naliweka kwenye folda ya slax/modules, basi. Kazi hii naifanyia kwenye mashine yenye RAM ya GB 4, kwa sababu bila kutunza mabadiliko kila unachosakinisha kinakaa kwenye RAM.

Haya, leteni ya kwenu. Umeongeza nini, kwa ajili ya kazi gani, na ulikwama wapi?

Mwalimu wa Uyui

Mwangaluka, wakuu. Mimi natumia Puppy, ile aliyoianzisha Barry Kauler wa Australia mwaka 2003. Shuleni tuna laptopu sita za msaada, RAM zake ndogo, nikaziwekea Puppy zote.

Mwanzoni nilikuwa nasakinisha vifurushi vya .pet tu. Sikujua kwamba vinaingia ndani ya faili la kuhifadhi, lile la pupsave, na nilikuwa nimelitengea MB 512 tu. Programu ya kuchorea, programu ya hesabu, ya kucheza video, faili likajaa. Siku hiyo wanafunzi wa kidato cha tatu wameandika kazi zao dakika arobaini, wanahifadhi, haikubali. Niliumia kwa ajili yao.

Tangu hapo programu kubwa naziweka kama SFS. Unaliweka faili kando ya faili kuu la Puppy, unafungua SFS-Load, unalichagua, menyu inajisasisha bila hata kuzima mashine. Pupsave inabaki na kazi za watoto na mipangilio tu. Ukimaliza kipindi cha jiografia unaiondoa hiyo SFS, unaleta nyingine.

Angalizo moja: SFS ya Puppy moja si lazima ikubali kwenye Puppy nyingine. Kuna zinazojengwa juu ya vifurushi vya Ubuntu, nyingine juu ya Slackware (Linux nyingine kubwa), na glibc zake, maktaba ya msingi ambayo programu zinaitegemea, zinatofautiana. Nilipoteza jioni mbili nikidhani faili limeharibika, kumbe lilikuwa la familia nyingine.

Fundi Isevya

Mchapaji, njia yako ni sahihi, ila nikuongezee jambo lililonitoa jasho hapa Tabora.

Slax yenye msingi wa Debian ina daftari la vifurushi, faili linaloitwa status, ndani ya var/lib/dpkg. Ukitengeneza moduli ya ofisi leo ukiwa na mfumo mtupu, kesho ukatengeneza ya printa ukiwa tena na mfumo mtupu, kila moja inabeba daftari lake. Ukiziweka pamoja, daftari la juu linalifunika la chini. Programu zote zitafunguka vizuri, hutaona tatizo. Siku utakapotumia apt kuongeza kitu cha tatu ndipo itakwambia LibreOffice haipo, au itataka kupakua upya vitu unavyo tayari. Bando limekwenda bure.

Dawa yake ni kuzijenga kwa ngazi. Moduli ya pili itengeneze wakati ya kwanza tayari imepakiwa. Savechanges itafunga yale mapya tu, lakini daftari litakalofungwa humo litakuwa na orodha ya zote mbili. Halafu majina yafuate mpangilio, maana zinapakiwa kwa alfabeti: mimi naandika 10-ofisi.sb, 20-printa.sb, 30-picha.sb. Ukibadilisha jina la 20 likawa 05, umeharibu ngazi.

La pili ni draiva za waifai. Hizo usimwombe mtu tu akurushie. Draiva iliyojengwa kwa kerneli (kiini cha mfumo) nyingine haitapakiwa hata kama jina la chipu ni lilelile. Piga amri ya uname -r, inayoonyesha toleo la kerneli, soma namba yote mpaka mwisho, kisha tafuta inayolingana nayo.

Wa Kaliua Njia Panda

Mimi niko Kaliua, pale reli ya Mpanda inapochepuka. Nilichagua Tiny Core kwa sababu mashine niliyonayo ina RAM ya MB 512 na hakuna kingine kilichokubali kuiendesha kwa raha. Nilitaka kitu kimoja tu, printa ichape stakabadhi za ghala.

Intaneti ya huku ilikuwa ya kusuasua, kwa hiyo nilipanda treni kwenda Tabora, nikapakua cups.tcz, programu ya kuendesha printa, kwenye flashi, nikarudi. Nikaiweka kwenye folda ya tce/optional, nikapiga amri ya kuipakia, tce-load -i cups, ikagoma. Inadai maktaba fulani haipo. Kumbe kila kiendelezi (moduli ya Tiny Core) kina faili la .dep linalotaja vile kinavyovitegemea. Nikarudi Tabora safari ya pili, nikasoma .dep, nikachukua vyote vilivyoandikwa humo. Nyumbani ikagoma tena, kwa sababu vile nilivyochukua navyo vina tegemezi zake.

Safari ya tatu ndiyo nikaelekezwa: usisome .dep, soma .tree. Faili la .dep linataja wazazi tu, la .tree linataja ukoo mzima. Nilichukua kila kitu pamoja na mafaili ya .dep na ya .md5.txt (ya namba za kuhakiki uzima wa faili), nikayaweka yote tce/optional. Na ukiona jina lenye neno KERNEL ndani yake, faili lenyewe halina jina hilo, mahali pa KERNEL weka jibu la uname -r la mashine yako.

Kumbuka pia onboot.lst. Kiendelezi kisipoandikwa humo hakitapakiwa mashine ikiwaka, hata kama kimelala kwenye optional mwaka mzima. Na mipangilio ya printa ilipotea mara mbili umeme ulipokatika, mpaka nilipoongeza folda yake kwenye /opt/.filetool.lst na kujizoesha kupiga filetool.sh -b, amri ya kuhifadhi, kila nikibadilisha kitu, bila kungoja kuzima.

Binti Ujiji

Poleni na safari hizo, ndugu yangu wa Kaliua.

Mimi nina chumba cha intaneti Ujiji, mashine nne, natumia Porteus. Nilitaka kila mteja akute mashine safi, kwa hiyo nawasha kwa ule mtindo wa Always Fresh, hakuna kinachotunzwa. Akiondoka nazima, nawasha, hakuna cha aliyetangulia. Kwa watu wanaofungua akaunti zao za benki na za chuo mbele yangu, hilo naliona ni deni langu kwao.

Shida ilikuwa mipangilio yangu mwenyewe kupotea kila siku: printa, lugha, ukurasa wa kuanzia. Nikatengeneza folda, ndani yake nikapanga yale mafaili machache ya mipangilio katika njia zake kamili, kama etc/cups na mengineyo, nikalifunga kwa dir2xzm nikaliita zz-mipangilio.xzm. Zile z mbili ni za makusudi, ipakiwe mwisho, ikae juu ya zote. Moduli ndogo kuliko picha ya simu, na ndiyo inayoendesha biashara.

Programu za kila siku ziko kwenye folda ya modules. Zinazohitajika mara mojamoja, kama ile ya kuhariri video, ziko optional, nazipakia kwa amri ya activate mteja akiomba. Hivyo mashine haichelewi kuwaka.

Mgeni wa Kasulu

Samahani kwa kudandia. Laptopu yangu ina RAM ya GB 1, nikiweka toram kwenye Slax yenye moduli ya ofisi inaganda. Nifanyeje?

Mchapaji wa Mwanga

Iache toram, mdogo wangu. Toram inanakili moduli zote kwenye RAM kwanza, na wewe nafasi hiyo huna. Bila hiyo, zinasomwa kutoka kwenye flashi kadiri zinavyohitajika. Utachelewa kidogo kufungua Writer, lakini utaandika. Ila usiichomoe flashi.

Mwekahazina wa Kikundi

Naomba nami niseme, ingawa si fundi. Natunza hesabu za kikundi chetu cha akina mama hapa Tabora. Kijana mmoja alinitumia moduli "iliyokamilika" kupitia simu, akasema ina kila kitu. Nilimwonyesha Fundi Isevya kabla ya kuiweka. Aliifungua kwa sb2dir, amri ya kufungua moduli, tukakuta humo faili la etc/shadow, lile la nywila, na funguo za mtu mwingine za kuingilia mashine kwa mbali. Huenda kijana hakuwa na nia mbaya, alifunga tu mashine yake yote kama Mchapaji alivyofanya mwanzo. Lakini ningeiweka, nywila yangu ingefunikwa na yake. Ni fedha za wanawake ishirini na nane zile.

Fundi Isevya

Kweli, mama. Moduli inaweza kufunika faili lolote la mfumo, kwa hiyo kuipokea ni sawa na kumpa mtu ufunguo wa nyumba. Ifungue uione kwanza.

Chumvi ya Uvinza

Yangu haihusu moduli moja kwa moja, ila wengi mnalaumu moduli kumbe ni flashi. Nilinunua ya GB 64 kwa bei ya kutupa, stendi. Moduli tano za kwanza sawa, ya sita mashine inawaka na kutapika makosa ya squashfs. Nikaitengeneza upya, ikawa hivyohivyo. Nilipopima kwa f3, programu ya kupima flashi, nikakuta uwezo wa kweli ni GB 7 na kidogo, zaidi ya hapo inapokea data na kuitupa.

Ukinakili moduli, linganisha md5sum ya asili na ya kwenye flashi. Ila kwanza iondoe flashi kwa utaratibu, uichomoe, uirudishe, ndipo upime. Ukipima papo hapo, kompyuta inakusomea nakala iliyo kwenye RAM na utaambiwa ni nzima wakati siyo.

Wa Kaliua Njia Panda

Chumvi, nimepima yangu usiku huu baada ya kukusoma. Flashi niliyotumia safari ya pili ni ya aina hiyohiyo ya kwako, mafaili manne md5 zake hazilingani. Za kwenye flashi nyingine ni nzima zote. Hizo nzima nimeziweka kwenye folda moja, ukoo mzima wa cups kwa mashine za 32 biti. Kuna mtu wa Urambo au Kaliua anayezihitaji asipande treni, aniandikie ujumbe binafsi, nitamwachia pale stesheni.