Maltese wangu ana miezi 8 na ameingia joto, nimpandishe?

mama_pamba (Morogoro)
Habari wakuu. Nina mbwa jike wa aina ya Maltese, Pamba, miezi 8, kilo 2.3. Tangu Jumatatu naona matone ya damu kwenye vigae. Jirani ana dume wa kilo 4 na ushee, anasema tukiwaacha pamoja wikiendi hii tutagawana watoto. Nimevutiwa, maana nikienda kazini Pamba analia mpaka wapangaji wenzangu wanalalamika. Akizaa si atatulia?

mfugaji_njiro
Dada, nakuomba usimpandishe. Nafuga Maltese hapa Arusha tangu 2011 na kosa hilo nililifanya mwenyewe. Jike wangu wa kwanza nilimpandisha joto lake la kwanza kabisa, kwa dume mkubwa kuliko yeye. Alianza kusukuma saa nne usiku. Saa nane bado hakuna kitu, mtoto amekwama kwenye nyonga. Alfajiri akapasuliwa. Watoto walikuwa wawili, mmoja akafa, na siku ya tatu mama naye akafa, akaniachia yule aliyebaki, gramu 110, nikawa namnyonyesha kwa bomba la sindano kila baada ya saa mbili, usiku na mchana.

Pamba mwenyewe bado ni mtoto. Subiri afikishe kama miaka 2, na kabla ya hapo daktari wa mifugo amshike magoti. Mbwa wadogo kama hawa, kile kifupa cha mbele ya goti huteleza kikatoka mahali pake, na ugonjwa huo unarithiwa. Mwenye nao hapandishwi, hata awe mzuri namna gani.

Sasa hivi mfungie ndani wiki 3. Damu ikipauka usidhani joto limeisha, hapo ndipo anapokubali dume.

Kulia hakutaisha kwa kuzaa. Maltese kazi yake tangu zamani ni kukaa na mtu, upweke unamuumiza kweli. Mzoeze: toka dakika 1, rudi bila shangwe, kesho 5, kesho kutwa 10. Mwachie kanga uliyoivaa.

Siku ukifika wakati wake, mimba ni kama siku 63. Wiki ya mwisho mpime joto la mwili asubuhi na jioni. Likishuka chini ya 37.5, kwa kawaida atazaa ndani ya saa 24. Watoto uwapime kila siku kwa mizani ya jikoni. Mtoto akipoa na kulegea, mpashe joto kwanza, kisha mpake asali kidogo kwenye fizi, na daktari umpigie hapo hapo.

kijana_wa_kihonda
Naongezea: usimfunge kamba shingoni, koo lao ni laini. Tafuta mkanda wa kifuani. Na huku kwetu kupe ni wengi, mkague ndani ya masikio na katikati ya vidole.

mama_pamba
Jirani nimeshamwambia hapana. Pole sana kaka. Ila umenishtua kwenye magoti. Jana akikimbia uani aliinua mguu wa nyuma wa kushoto, akarukaruka hatua tatu, kisha akaendelea kama kawaida.

mfugaji_njiro
Ndivyo inavyoanza. Mpeleke wiki hii, na ukiweza mrekodi kwa simu akifanya hivyo ili daktari aone. Kwa sasa asiruke kutoka kwenye kochi, mwekee kigoda. Akikutwa nalo hilo goti, mfungishe uzazi, ubaki naye hivyo hivyo.