Naomba ushauri: potreti ninazopiga kwa hiari yangu zimeanza kufanana na picha za mahafali

Mleta uzi (Dodoma mjini)

Ndugu wadau, ninaendesha studio ndogo ya picha hapa Dodoma, na kazi inayonilisha ni picha za pasipoti, sendofu na mahafali ya vyuo. Sina malalamiko juu ya kazi hiyo. Sambamba nayo nimejiwekea desturi ya kwenda vijijini, hasa upande wa Mvumi na Hombolo, kupiga potreti za wazee, mafundi na wakulima wa zabibu, bila kutumwa wala kulipwa na mtu. Hizo ndizo picha ninazoziita zangu.

Kinachonisumbua ni kwamba siku hizi siwezi kuzitofautisha na zile za biashara. Mzee niliyemkuta akisimulia kwa mikono yote miwili, nikiinua kamera tu hunyooka kama anayepigwa picha ya kitambulisho: viganja juu ya magoti, macho mbele, kinywa kimefungwa. Nami, kwa mazoea ya studio, humsogeza mahali ambapo mwanga umelingana pande zote za uso, nikatumia lenzi ileile ya milimita 85, na jioni mbele ya kompyuta mkono wangu huanza kulainisha makunyanzi kabla sijajiuliza kama nilitaka yalainike. Je, niache kwanza safari hizo mpaka hamu irudi, au nibadili namna ya kufanya kazi? Pia naomba maoni kuhusu kumlipa mtu ninayempiga picha, kwa kuwa wenzangu wamegawanyika.

Mzee wa Filamu

Mleta uzi, mimi sikubaliani na wewe katika jambo moja, nalo ni kuuita mnyooko wa yule mzee kasoro. Watu wa umri wake walipiga picha mara chache sana maishani. Picha ilikuwa shughuli ya kuogea, kuvalia na kwenda mjini. Anaponyooka hajakuogopa wewe wala kamera yako, bali anakuonyesha namna anavyotaka wajukuu wamkumbuke. Seydou Keïta, mpigapicha wa Mali aliyefungua studio yake Bamako mwaka 1948, alipiga watu waliojipanga hivyohivyo, wakiwa wamevaa vizuri na wengine wameshika redio au saa ya kuazima palepale studio, na hakuna anayeziona picha zile kuwa zimekufa. Mara nyingi alipiga picha moja tu kwa kila mteja, kwa sababu filamu ilikuwa ghali, hivyo uamuzi wote ulifanyika kabla ya kubonyeza.

Nadhani tatizo lako limo hapo. Kamera ya kidijitali imetuzoesha kubonyeza kwanza na kuchagua baadaye, na anayechagua baadaye huchagua kile alichokizoea. Mpige mzee ile picha ya kunyooka, kwa heshima zote, umalize. Kisha usiondoke. Weka kamera mapajani, endelea na mazungumzo mliyoyaanza, uinue tena pale tu utakapoona jambo ambalo ungejuta kulikosa. Kuacha safari hakutakusaidia, kwa kuwa hamu ya kazi hii huja ukiwa kazini.

Mpigapicha wa Kondoa

Nianzie kwenye mwanga, maana kanda yetu ina tabia zake. Dodoma iko takriban nyuzi 6 kusini mwa ikweta, kwa hiyo mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua la saa sita na nusu hupita karibu utosini, na macho ya mtu hugeuka mashimo mawili meusi. Wengi wetu hukimbilia kivuli cha mti, ambako mwanga huja kutoka kila upande na uso unakosa umbo. Mwombe mzee akae ndani ya mlango wa nyumba yake, na kama ni tembe ndiyo bora zaidi: mwanga huingia upande mmoja, ukuta wa udongo nyuma yake hunyamaza, na uwanja mwekundu ulio nje hurudisha mwanga wa rangi ya joto kidogo chini ya kidevu. Reflekta, yaani kibao cha kurudishia mwanga, ibaki kwenye begi.

Lenzi ya 85 hukuweka mbali, ukabaki mtu wa kutoa maelekezo. Jaribu ya milimita 50 au 35, lakini usimsogelee mno usoni, kwani umbali mfupi hukuza pua na kuyasukuma masikio nyuma. Mwache aonekane na mikono yake na kigoda alichokalia. Halafu angalia kipimo cha mwanga: kamera hudhani kila ilichokiona ni kijivu cha kati, hivyo mtu mweusi aliyesimama mbele ya ukuta mweupe hutoka giza, na ndani ya chumba cheusi hutoka amepauka. Pima usoni pake.

Binti wa Nzuguni

Kuhusu kulainisha, usihariri siku uliyopiga. Mimi huziacha picha wiki nzima, kisha nachapa chache kwa karatasi ndogo na kuzibandika ukutani. Ile niliyoichoka naitoa. Ngozi iliyolainishwa huchosha haraka sana.

Mleta uzi

Nashukuruni sana. Hoja ya Mzee wa Filamu imenigusa, ingawa bado naona kuna mnyooko wa heshima na mnyooko wa mtu anayetaka nimalize niondoke. Ule wa pili nafikiri husababishwa na haraka yangu mwenyewe. Bado suala la malipo.

Mpigapicha wa Kondoa

Ukifika, salimia kwanza, hata kama Kigogo chako kinaishia kwenye mbukwenyi. Eleza picha itakwenda wapi, kisha pokea jibu lolote. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, kwa hiyo kutangaza sura ya mtu bila idhini yake si suala la adabu pekee. Fedha mimi natoa, lakini kwa muda wake aliouacha shambani, na huitoa kabla kamera haijatoka kwenye begi. Ikitolewa mwishoni, anayefuata atajipanga kwa ajili ya malipo. Picha iliyochapwa ni deni lingine, wala haihesabiwi ndani ya malipo hayo. Ipeleke wewe mwenyewe, usiitume kwa bodaboda, kwa sababu siku ya kuipeleka ndipo wengi hukubali kukaa tena, wakiwa wamekwisha kuona ulichokuwa unakitafuta.