King'amuzi cha kurekodi kimebadilisha vipi mnavyoangalia TV?

binti_wa_pwani: Wadau habari zenu, nafikiria kununua king'amuzi kinachorekodi maana kwetu saa mbili usiku ni vita, mimi nataka tamthilia baba watoto anataka taarifa ya habari, wenye navyo je kimewasaidia au hela inapotea bure?

mzee_remoti: Dada chukua, kinasaidia sana. Sisi tuna Explora, king'amuzi cha DStv kinachorekodi, unaiambia irekodi tamthilia yote yenyewe inajua siku na saa, mke wangu anaziangalia zote Jumamosi akishafua, hakuna tena kukimbizana na saa. Adhana ikilia unasimamisha, ukirudi unaendelea palepale. Ila mpira hapana, mechi ya kurekodi haina ladha kabisa, majirani wakipiga kelele za goli umeshajua matokeo, huo tunaangalia laivu tu.

kijana_wa_data: Na matangazo ndo hayaangaliwi tena, mi nachelewa kuanza kama robo saa hivi makusudi ili niyapeleke mbele. Marekani hili lilizua kesi kabisa, mashine za kurekodi TV za TiVo na ReplayTV zilianza kuuzwa 1999, 2001 ReplayTV wakaleta ya kuruka matangazo yenyewe, stesheni kubwa zikawashtaki. 2007 Nielsen, kampuni inayopima watazamaji wa TV, wakaanza kuhesabu wanaoona matangazo hata kwenye rekodi, ndani ya siku 3.

binti_wa_pwani: Asanteni jamani. Diski ikijaa je?

mzee_remoti: Unafuta mlizoangalia. Za HD zinakula nafasi sana, watoto wakikusanya katuni utaona.