Mjadala: Panya akijisafisha kupita kiasi, tumepima usonji?

Mchokoza Hoja
Utafiti wa usonji kwa panya wa maabara hutegemea sana vipimo viwili: sekunde anazotumia panya kujisafisha, na gololi anazofukia kwenye maranda. Namba ikipanda, huandikwa kwamba tabia ya kujirudiarudia, moja ya dalili kuu za usonji, imeongezeka. Msimamo wangu ni kwamba jina hilo ni kubwa kuliko kipimo, na gololi ziachwe kabisa. Panya huchimba maranda hata pasipo gololi. Gololi huzama kwa sababu tu ziko palipochimbwa. Tena diazepamu, dawa ya wasiwasi, hupunguza ufukiaji, na fluoksetini, dawa ya sonona, nayo hupunguza. Sasa tumepima nini?

Binti Maabara
Kuhusu gololi, nakubali nusu. Utaratibu wa kawaida ni maranda ya kina cha sm 5 yaliyosawazishwa, gololi 20 zilizopangwa kwa mistari, dakika 30, kisha unahesabu zilizofunikwa angalau theluthi mbili. Makosa huanzia hapo hapo. Maranda yakishindiliwa, panya hachimbi. Gololi zisipooshwa, harufu ya panya aliyetangulia inabaki. Na panya aliyelegezwa na dawa hafukii kitu, halafu tunaandika kuwa amepata nafuu! Bila kupima umbali anaotembea kwenye uwanja wazi, yaani boksi tupu la kupimia mwendo, matokeo hayo hayana thamani.

Ila kujisafisha usikuweke kapu moja na gololi. Mwaka 2011 maabara ya mtafiti wa ubongo Guoping Feng ilionyesha kuwa panya waliokosa jeni ya Shank3 kwa sehemu hujisugua hadi ngozi inachubuka, na kasoro ikaonekana kwenye sinapsi (maungio ya seli za neva) za striatamu, sehemu ya ndani ya ubongo inayohusika na mwendo na mazoea. Kwa binadamu, kuharibika kwa SHANK3 ni chanzo kinachojulikana cha usonji. Mwaka 2016 jeni hiyo ilirudishwa kwa panya waliokwisha kukomaa: kujisugua kulipungua, kuchangamana na wenzao kukaongezeka, lakini wasiwasi na kasoro za mwendo vikabaki. Kipimo kisicho na maana kisingetenganisha mambo namna hiyo.

Mchokoza Hoja
Dada, hapo umeanzia kwenye jeni inayojulikana. Vipi BTBR, ukoo mwingine wa panya wa maabara? Panya hao hujisafisha sana, hawana ule mkanda wa nyuzi unaounganisha nusu mbili za ubongo, na hawakutengenezwa kwa kuharibu jeni yoyote ya usonji. Dawa ya MPEP, inayozuia mGluR5, kipokezi cha kemikali ya glutamati kwenye seli za ubongo, ilipunguza kujisafisha kwao mwaka 2010. Mavoglurant, inayozuia kipokezi hicho hicho, ilishindwa kwa watu wenye sindromu ya X dhaifu, ugonjwa wa kurithi unaohusishwa na usonji, na kampuni ya dawa ya Novartis ikaisimamisha kwa ugonjwa huo mwaka 2014.

Binti Maabara
Hao ni watu wenye sindromu nyingine, na walipimwa kwa dodoso linalojazwa na mlezi. Kushindwa huko hakuhukumu sekunde za BTBR. Kunahukumu haraka ya kuruka kutoka kizimbani hadi kliniki.

Jicho la Kamera
Ndugu zangu, mnabishania jumla ya sekunde, na jumla ndiyo inayoficha jambo. Tazameni video polepole. Panya huanza na miduara midogo ya haraka kuzunguka pua, kisha huvuta mkono mmoja usoni, kisha mikono yote miwili hupita juu ya kichwa hadi nyuma ya masikio, ndipo anageuka kulamba mwili. Ni hatua nne zenye mpangilio wake, kama mnyororo mmoja. Panya mwenye hofu huukata mpangilio katikati, au hurudi nyuma. Sekunde 200 za minyororo iliyokamilika na sekunde 200 za vipande vipande ni tabia mbili tofauti, ila kwenye jedwali zinalingana.

Kwa hiyo wakati wa kupima: panya azoee chumba kwanza, dakika 30 hadi 60. Kizimba kiwe safi, kitupu, mwanga hafifu. Dakika 10 za mwanzo msihesabu, maana ugeni peke yake huongeza kujisafisha. Hesabuni 10 zinazofuata. Rekodini idadi ya vipindi, urefu wa kila kimoja, na minyororo mingapi imekamilika. Anayehesabu asijue panya ni wa kundi gani. Na mkagueni ngozi kabla: mwenye jeraha la kuumwa na wenzake atajilamba tu, jeni iwepo isiwepo.

Mchokoza Hoja
Kwa masharti hayo, kujisafisha nakupokea. Lakini kichwa cha makala kiseme "kujisafisha", kisiseme "usonji". Gololi bado nazikataa.