Hakimu Uganda hupigiwa kura? Na mwenyekiti wa LC1 je?

Muulizaji, Kasese
Habari zenu wanajukwaa. Mdogo wangu yuko mwaka wa mwisho wa shahada ya sheria, na nia yake ni uhakimu. Wazee kijijini wanamshauri agombee kwanza uenyekiti wa LC1, yaani halmashauri ya kijiji, eti mahakama huanzia pale, halafu atapanda. Mtandaoni nako tunaona majaji wa Marekani wakiomba kura. Hapa kwetu kuna hakimu wa kuchaguliwa? Kiti hicho kitamsaidia au kitamharibia?

Wakili, Mbale
Hizo ni njia mbili zisizokutana. Texas, jaji wa mahakama ya wilaya hugombea kwa tiketi ya chama na hukaa miaka 4. Uganda hakimu hapigiwi kura na mtu yeyote. Huteuliwa na Tume ya Huduma za Mahakama, kwa Ibara ya 148 ya Katiba. Jaji wa Mahakama Kuu huteuliwa na Rais kwa ushauri wa tume hiyohiyo, na lazima Bunge limuidhinishe.

Akimaliza shahada aende LDC Kampala, chuo cha mafunzo ya uwakili, achukue diploma ya utendaji wa sheria. Bila diploma hiyo, asahau uhakimu wa daraja la kwanza. Kisha asubiri tangazo la tume, aombe, afanye mtihani wa kuandika na usaili wa ana kwa ana. Akipata, ataanza na kesi za madai zisizozidi shilingi milioni 20. Hakimu mkuu anafika milioni 50.

Jambo ambalo vijana wengi hawalijui: ujaji wa Mahakama Kuu unadai miaka 10 ya uwakili, lakini Ibara ya 143 inahesabu pia miaka ya utumishi wa umma katika cheo kinachodai sifa ya uwakili. Kwa hiyo miaka ya uhakimu haipotei.

Uenyekiti wa LC1 hauongezi chochote katika safari hiyo. Ni kiti cha siasa, na maadili ya maofisa wa mahakama yanawataka wakae mbali na siasa. Siku akiteuliwa hakimu, atakiacha.

Katibu wa kata, Busia
Nakubaliana na wakili, ila wazee nao wana hoja yao. LC1 ni mahakama kweli, kwa Sheria ya Mahakama za Halmashauri za Mitaa ya 2006. Mwenyekiti huchaguliwa hadharani, wapiga kura wakipanga mstari nyuma ya mgombea wao, kama ilivyokuwa Julai 2018. Halafu kamati yake ya watu 10 ndiyo inayokaa kama mahakama ya kijiji.

Na hapo ndipo mambo mengi huharibika. Kikao kinataka wajumbe 5, mwenyekiti akiwamo, na wanawake wasipungue 2. Mwenyekiti akiketi na katibu wake chini ya mwembe na kuandika hukumu, mshindwa akikata rufaa hiyo karatasi haitasimama. Mjumbe mwenye maslahi au undugu na mdaiwa asikae. Mawakili hawaruhusiwi kumsemea mtu, na lugha ni ile inayozungumzwa pale pale.

Daftari nalo litunzwe sana. Kila kesi iwe na tarehe, majina ya waliokaa, madai, maneno ya kila upande na ya mashahidi wake, uamuzi na sababu zake, halafu sahihi. Mahakama ya juu haitasoma kumbukumbu ya kichwani mwa mwenyekiti.

Muulizaji, Kasese
Asanteni sana. Kuna mkazi ng'ombe wameingia shambani mwake wakala mihogo, anadai milioni 3. Kijiji kinaweza kuisikiliza?

Katibu wa kata, Busia
Hapana. Kikomo cha madai ya deni, uharibifu wa mali na kuingia shamba la mtu ni pointi 100 za fedha, na pointi moja ni shilingi 20,000. Yaani milioni 2. Hiyo ya milioni 3 iende kwa hakimu wa daraja la kwanza. Asiigawe vipande viwili ili ipite, atapoteza muda na kesi yenyewe.

Masuala ya mila, kama ardhi ya kimila au nani awe mrithi, hayana kikomo cha thamani. Lakini fidia ikizidi milioni 2, utekelezaji lazima upelekwe kwa hakimu mkuu.

Wakili, Mbale
Niongeze, maana hili linaumiza watoto wetu. Ubakaji au unajisi haumalizwi kwa LC kwa mbuzi na faini, hata familia zote mbili zikikubaliana. Kazi ya mwenyekiti pale ni kuwapeleka polisi siku hiyohiyo. LC haina uwezo wa kumfunga mtu wala kumchapa viboko. Inaweza kusuluhisha, kuamuru fidia, kurudisha mali au kuomba radhi.

Rufaa hutoka kijiji kwenda parishi, kisha kata ndogo, ndipo hakimu mkuu. Ukiruka ngazi unarudishwa.

Mwanafunzi wa LDC
Kwa mdogo wako: akitaka kujifunza kabla ya ajira, aende akae kwenye viti vya nyuma katika mahakama ya hakimu iliyo karibu, siku ya kusikiliza kesi. Milango iko wazi kwa umma. Aangalie jinsi hakimu anavyoandika ushahidi kwa mkono huku shahidi akisema, na anavyomkatiza wakili anayemlisha shahidi majibu.