Waliowahi kuzibua mitaro, kuziba mashimo ya barabara, kufunga taa za mtaa, kushuka chemba za maji taka: tupeane uzoefu

MtuWaKigogo
Wakuu habari za asubuhi. Leo nimepita mtaani nikakuta vijana wamevaa vile vizibao vya njano wanakomba tope kwenye mtaro, wamelirundika pembeni mwa barabara, wakapanda gari wakaondoka. Jana usiku mvua imepiga, tope lote limerudi mtaroni. Nikabaki nimesimama nacheka peke yangu. Sasa nauliza humu, kuna wadau wamefanya hizi kazi za jiji au za mkandarasi wa jiji? Hebu tuelezeni kule ndani kukoje, maana sisi wa nje tunaona majanga tu. Na wewe raia kama mtaro umeshakukuta na jambo tupia hapa.

Ney_wa_Ndala
Nakaa hapa kwanza

FundiBomba
Hilo la tope kila mtu analiuliza. Tope likitoka mtaroni ni maji matupu, ukilipakia kwenye tipa hapo hapo linamwagika njia nzima mpaka dampo, madereva wanatukanwa na trafiki anakuja. Kwa hiyo linaachwa pembeni likauke siku moja mbili ndo tipa lije libebe. Huo ndo utaratibu wenyewe. Kinachotokea sasa ni kwamba anayekomba ni mmoja na mwenye tipa ni mwingine, tipa halina dizeli au limepelekwa kata nyingine, mvua nayo haisubiri mtu. Hiyo kazi inatakiwa ifanyike Januari na Februari kabla masika hayajaanza, ila pesa zikitoka ni Aprili watu wanakomba huku wanalowa.

MtuWaKigogo
Mkuu umenifungua akili, ingawa bado nina hasira

ShangaziWaMzimuni
Mimi mambo ya mtaro msiniambie. Desemba 2011 maji ya Mto Msimbazi yalivyopanda tulilala juu ya bati, sisi na majirani na mbuzi wa mtu. Wenzetu wengi wakahamishiwa Mabwepande, wengine wakauza viwanja kule wakarudi. Na mtaro wa mtaani kwetu siku ile ulikuwa umeziba kwa magodoro na pampasi. Magodoro jamani! Mtu anaamka asubuhi anasema hili godoro limechoka, naenda kulitupa mtaroni.

Dr_Kiraka
Afadhali godoro. Kuna wanaotapisha vyoo mvua ikianza, mnawasahau hao. Wanangoja wingu lizito tu, wanatoboa karo, mzigo wote unashuka na maji mtaani kisha wao ndio wa kwanza kulalamika serikali haijali kipindupindu kimeingia.

mama_Ashura
Dr_Kiraka usiwaseme watu kijuujuu. Gari la kunyonya unajua trip moja bei gani? Na huku kwetu lenyewe haliingii, vichochoro bodaboda yenyewe inapita kiubavu. Mfumo wa maji taka wa bomba sehemu kubwa ya Dar haujafika, karo likijaa unataka mtu alibebe kichwani mpaka mabwawa ya Vingunguti?

Dr_Kiraka
Kwa hiyo anywe jirani?

mama_Ashura
Sijasema anywe jirani. Nimesema usiongee kama una choo cha kuvuta peke yako mjini

Ney_wa_Ndala
😂😂 uzi umeanza

LamiMoto
Naomba nirudi kwenye mashimo maana huko ndiko nilikokula jasho. Nilikuwa kwenye gengi ya viraka. Kiraka sio kumwaga lami shimoni na kukanyaga na tairi la gari kama mnavyofikiria. Shimo linakatwa pembe nne, kingo ziwe wima, mnachimbua mpaka mkute udongo mgumu, mnafagia vumbi lote, mnapaka lami nyepesi chini na kwenye kingo ili kiraka kishike, ndo unajaza kwa tabaka na kila tabaka linashindiliwa. Ukiruka hata kimoja hapo mvua ya kwanza inakutoa aibu. Adui wa barabara sio lori, ni maji, lori linakuja kumalizia tu. Maji yakiingia chini ya lami ule udongo unalegea, gari likipita lami inabonyea inapasuka, shimo tayari. Ndio maana barabara isiyo na mtaro hata uiwekee lami ya dhahabu haifiki mbali. Sasa sisi tulikuwa tunaambiwa leo mmalize mtaa mzima kuna mgeni anakuja, mashine ya kushindilia iko moja na imeharibika, tunapiga na mbao. Unakata pembe nne saa ngapi?

kijana_wa_Ubungo
Hahaa mgeni anakuja. Huku kwetu tukiona lami mpya tunaulizana nani anapita

MzeeWaTegeta
Nyie vijana mnalaumu halmashauri wakati halmashauri barabara si yake tangu 2017, barabara za mitaa zilikwenda TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini.

kijana_wa_Ubungo
Mzee si zote, barabara kuu na za mkoa ni TANROADS, wakala wa barabara wa taifa

MzeeWaTegeta
Ndicho nilichosema.

kijana_wa_Ubungo
Hukusema

FundiBomba
Msigombane, wote mko sawa na hapo ndipo penye utata wenyewe. Chukua kona moja tu. Lami ya TARURA, taka zilizoziba mtaro ni za halmashauri na mkandarasi wake wa taka, chemba inayofurika pale pale ni ya mamlaka ya maji, nguzo ya umeme inayoinama ni ya TANESCO. Raia anapiga simu kwa mmoja anaambiwa sio yetu hiyo. Na mara nyingi kweli sio yake! Mbaya zaidi bomba likipasuka chini ya lami mpya, wa maji anakuja anachimba anatengeneza bomba anafukia na kifusi anaondoka. Wa lami anakuja kukuta mtaro katikati ya barabara aliyokabidhi juzi.

Mwanza_Mawe
Huku Mwanza milimani barabara nyingi za mitaa zimepangwa mawe, bomba likipasuka wanachomoa mawe wanatengeneza wanayarudisha. Shida yetu ni mchanga, mvua moja tu mlima wote unashuka unajaa kwenye kalavati za chini. Unakomba leo, kesho kama hujafanya kitu.

KibaruaMstaafu
Mnaongelea mitaro ya juu nyie. Ngoja niwape ya chini.

Nilikuwa kibarua kwa mkandarasi mmoja simtaji, tunazibua laini ya maji taka Kariakoo, kazi ya usiku maana mchana hapapitiki. Chemba moja ilikuwa imejaa mpaka inamwaga barabarani, wenye maduka wameweka matofali wanaruka ruka. Tukaleta gari la kunyonya likavuta mpaka ikabaki chini kabisa donge la matambara na mafuta ya mama lishe yameganda kwenye mdomo wa bomba. Tumesukuma na fimbo wapi, fimbo inajikunja. Mashine ya presha tukaambiwa iko Temeke. Msimamizi kaenda kutafuta chipsi.

Kuna jamaa mmoja tulikuwa tunamwita Kocha, mzoefu, kifua kama mlango, akasema nashuka mara moja natoa hilo donge tukalale. Yule dereva wa gari la kunyonya, mzee mmoja mkali sana, akasema hushuki bila kamba. Kocha akabisha, akasema kamba ya nini mimi si ng'ombe. Mzee akazima gari, akachukua ufunguo akaweka mfukoni. Ikabidi Kocha afungwe kamba kifuani huku anasonya.

Akashuka. Tunasikia anagonga huko chini na anamtukana mwenye matambara, tunacheka. Baadaye akasema kwa sauti, mbona harufu yenyewe imeisha sasa, ilikuwa inanuka mayai viza saa hizi hamna kitu. Mimi mgeni nikaona basi vizuri. Yule mzee wa gari nikaona ameruka kama kaguswa na umeme, anapiga kelele PANDA PANDA PANDA. Kimya. Tunamulika tochi tunaona kofia tu, na kofia inaelea.

Kijana mwenzetu akaweka mguu kwenye ngazi amfuate, mzee akamdaka suruali akampiga kofi moja la sikio, akamwambia ukishuka nitawavuta wawili na kamba ninayo moja. Tukashika kamba watu wanne. Mtu aliyezimia ni mzito nyie msione, na mkono wake mmoja umenasa kwenye ngazi ya chuma, tunavuta hatoki, tukilegeza anazama

Narudi bosi anaita

Ney_wa_Ndala
WE!!! unarudi wapi

ShangaziWaMzimuni
Mwanangu usitufanyie hivyo

kijana_wa_Ubungo
Chai hii, umetunga. Yaani sukari yote imeishia hapo kwenye kofia inaelea

NesiZuu
Si chai. Ile ya harufu kuisha ndiyo dalili yenyewe. Gesi inayonuka mayai viza, haidrojeni salfaidi, ikiwa kidogo unaisikia, ikizidi inaua uwezo wa pua kunusa, unadhani imeondoka kumbe ndo imekuzunguka, na baada ya hapo kuzimia ni pumzi chache. Ni nzito kuliko hewa kwa hiyo inakaa chini. Na mara nyingi tope ukilivuruga ndo unaifungulia. Kwenye ajali hizi anayekufa wa pili ni yule aliyeshuka kuokoa, mzee alikuwa anajua anachofanya.

LamiMoto
Sisi tuliambiwa washa mshumaa ushushe na kamba, ukizimika usishuke

NesiZuu
WEEEE mshumaa kwenye chemba?? kuna na methani humo mtalipua Kariakoo

FundiBomba
Sahihi, hakuna moto. Fungua vifuniko vya chemba ya juu na ya chini yake hewa ipite, subiri, halafu kipima gesi. Kama kipima gesi hakipo usishuke, acha donge likae.

Dr_Kiraka
Kipima gesi kwa kibarua wa kulipwa kwa siku. Endeleeni kuota. Bora kuku, shusha kuku akifa mnapika

mama_Ashura
Leo ndo umeongea, ila huyo kuku nakuachia mwenyewe

Mwanakwetu_Kongowea
Salamu kutoka Mombasa. Nyinyi mwashuka chemba, sisi huku twatumbukia bila kutaka. Vifuniko vya chuma vyaibwa vyauzwa vyuma chakavu. Serikali ilipiga marufuku biashara hiyo Januari 2022 baada ya watu kuhujumu nguzo za umeme, ilipofika Mei ikafunguliwa tena na masharti. Mimi jioni moja nyumba zimezima stima nilimsikia mtu aita "ndugu, ndugu" wala simuoni, kumbe yuko ndani ya shimo la maji ya mvua mpaka kiunoni na mkoba wake wa laptopu kauinua juu. Tukamtoa. Akatushukuru, kisha akauliza kiatu chake. Nani atashukia kiatu?

MzeeWaTegeta
Hata Dar vya chuma viliibwa sana ndo wakaleta vya zege.

kijana_wa_Ubungo
Vya zege navyo watu wanavunja wachukue nondo

TaaZaUsiku
Hahaha nondo ya kifuniko anapata nini. Sisi tuliofunga taa za sola tunawajua hao watu. Unafunga nguzo leo, betri iko chini kwenye kiboksi, wiki haijaisha kiboksi kiko wazi. Wakaanza kuweka betri juu kabisa kwenye taa yenyewe, wakaja na ngazi wamevaa vizibao vyetu vile vile vya njano! Raia wanawapisha wanawaambia poleni na kazi

ShangaziWaMzimuni
Mungu wangu

Ney_wa_Ndala
Samahani hizi za taa nzuri lakini KOCHA YUKO WAPI

MtuWaKigogo
Mimi mwenye uzi nimesahau hata nilichouliza. KibaruaMstaafu tunakusubiri

Dr_Kiraka
Wakati tunasubiri, ushauri kwa wenye shimo mtaani: pandeni mgomba. Picha ikisambaa wanakuja siku hiyo hiyo

LamiMoto
Usimdanganye, mgomba unazidi kushikilia maji pale. Piga picha, andika jina la mtaa, peleka kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na kwa mhandisi wa wilaya, ubaki na nakala.

kijana_wa_Ubungo
Kwetu tuliandika barua, shimo likapata mtoto. Mgomba tu

mama_Ashura
Wekeni tawi la mti jamani bodaboda waone usiku, hayo mengine baadaye

KibaruaMstaafu
Nimerudi, tulikuwa tunashusha mzigo dukani. Alitoka. Yule mzee alisema legezeni, akaiyumbisha kamba mkono ukanasuka, tukavuta wote mpaka viganja vimechubuka. Akalazwa pembeni kwa ubavu hapumui vizuri, midomo myeusi, akaanza kukoroma, akatapika, tukampakia bajaji mpaka hospitali. Alikaa huko siku kadhaa akatoka mzima, ila kichwa kilimsumbua sana miezi ile.

Sasa kijana wa Ubungo unayesema chai ngoja nikuongezee sukari. Kocha alivyorudi kudai pesa ya usiku ule alipewa nusu. Aliambiwa donge hakulitoa.

NesiZuu
Nusu???

FundiBomba
Naamini kabisa

kijana_wa_Ubungo
Mkuu nafuta neno chai. Donge lilitolewa na nani sasa?

KibaruaMstaafu
Mashine ya presha ilikuja kesho yake kutoka Temeke. Dakika chache tu

Dr_Kiraka
Na yule mzee dereva?

KibaruaMstaafu
Alipewa onyo kwa kuzima gari akiwa kazini

ShangaziWaMzimuni
Nimechoka mimi.

Mwanakwetu_Kongowea
Huyo mzee angekuwa huku tungempa kura

mama_Ashura
Wakuu samahani natoka nje ya mada kidogo, chemba ya uani kwangu kifuniko kimepasuka na watoto wanacheza pale, baada ya kusoma hii sitalala. Anayetengeneza vya zege maeneo ya Manzese anajulikana?

LamiMoto
Wako wengi pale pembeni ya wauza tofali. Pima kwanza mdomo, duara au mraba? Na mwambie akuwekee nondo ndani uone kwa macho yako kabla hajamwaga zege

mama_Ashura
Mraba. Ngoja nikachukue futi